Vyuma vya Kasuku

Fundi baiskeli huyu ana tabia moja ambayo wateja wake wote wanaijua. Akishanyoosha gurudumu lililopinda, hakupi hivi hivi. Analitundika kwenye uma wa chuma aliouchomelea mlangoni mwa kibanda chake, analisukuma kwa kidole, halafu anaita watu. "Njooni muone! Linayumba? Semeni kama linayumba!" Hata mpita njia mwenye haraka zake ataitwa. Mpaka mtu atamke kwa kinywa chake kwamba haliyumbi hata chembe, ndipo unapewa mali yako uende zako.

Halafu ni mtu wa maswali, huyo! Wala si maswali ya umbea, maana mambo ya nani kaachana na nani hayamsisimui kabisa. Yeye anataka kujua kitu kinafanyaje kazi. Akinunua saa, anaifungua kabla hajaivaa. Akipanda lifti, anakodolea dari na kumuuliza mlinzi kamba imefungwa wapi. Mkewe alishachoka kumwonea aibu, sasa anamsubiri tu pembeni hadi maswali yaishe.

Wana binti mmoja, na wanamwita Kasuku. Ungemsikia anavyoongea usingeuliza kwa nini. Alianza kubwabwaja kabla hajaota meno, na meno yenyewe yalipoota yakaota kwa kugombania nafasi. Chonge moja ilipanda juu ya jirani yake, la mbele likageuka upande kama linachungulia dirishani. Kwa hiyo siku mama daktari wa meno alipombandikia vifungo vidogo vidogo na kuvipitishia waya, baba mtu alivimba kichwa, usiniambie. Alisimama nyuma ya bega la daktari muda wote, na alipoambiwa kuwa kazi ya kukaza waya itaanza siku ya kurudi, alisikitika kama mtoto aliyeambiwa sikukuu ni wiki ijayo.

"Nitakuja," akamwahidi daktari, ambaye wala hakuwa amemwalika. "Hiyo lazima niione kwa macho yangu."

Basi bwana, ikawa kila Kasuku akitoka shule na kupita kibandani kumsalimia baba yake, kazi inasimama.

"Jamani, njooni! Fungua mdomo, mwanangu, waone. Panua. Panua zaidi, cha nyuma hakionekani."

Muuza maziwa, ambaye baiskeli yake haikosi ubovu, akasogeza uso karibu kabisa. "Duh! Kumbe hadi huku nyuma? Wewe binti, ukipiga simu hapo mtandao haukati."

Watu wakacheka. Baba akacheka kuliko wote, huku ameshika bisibisi anaonyesha waya unavyoanzia huku na kuishia kule. Mate yakamtiririka Kasuku kidevuni, akayafuta kwa mkono wa sweta. Naye baba, masikini, hakuona chochote zaidi ya uzuri wa kazi.

Hebu tumtetee kidogo, maana si mtu mbaya. Kichwani alikuwa na jambo linalomnyima raha. Gurudumu analielewa: ukikaza spoku za upande huu na kulegeza za upande ule, ringi inafuata, kwa sababu iko hewani na haina pa kukataa. Lakini jino limepandwa ndani ya mfupa! Unakivutaje kitu kilichochimbiwa kwenye mfupa, kikasogea, na mfupa usipasuke? Alimuuliza mwalimu wa hesabu aliyeleta pampu, mwalimu akasema hilo si somo lake. Alimuuliza muuza dawa wa mtaani, naye akamwambia ni mambo ya presha, jibu ambalo hata yeye mwenyewe hakuliamini.

Akaona isiwe tabu. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakichonga kikawa taya. Akapandikiza maharage meupe, moja amelipindisha makusudi kama lile la Kasuku. Akayafunga yote kwa waya mwembamba na kuanza kukaza kidogo kidogo kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Mkewe alipoikuta sabuni yake ina meno, aliitazama, akamtazama mumewe, akaenda dukani kununua nyingine.

Harage halikusogea. Akakaza tena. Halikusogea. Halafu asubuhi moja, alipozungusha koleo kidogo tu, harage likachomoka, likamvuta na mwenzake, sabuni ikapasuka katikati. Fundi akabaki ameduwaa na vipande viwili mkononi. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kurudi kwa daktari.

"Mama Kasuku!" akaita. "Mama Kasuku, meno ya mtoto yatang'oka!"

"Hayatang'oka," mkewe akamjibu kutoka jikoni, "kwa sababu leo anakwenda kumwambia daktari amtoe hivyo vyuma."

"Amtoe? Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe jana, analia. Wewe hukuona kwamba siku hizi haongei? Shuleni alichaguliwa kuwa mshereheshaji wa siku ya wazazi, akakataa. Mimi simlazimishi, Baba Kasuku. Mdomo ni wake."

Hapo ndipo fundi alipogundua kwamba nyumba ilikuwa kimya. Ilikuwa kimya siku nyingi, naye alikuwa ameinamia sabuni. Alipomuuliza binti yake njiani kama vyuma vinamuuma, Kasuku alitikisa kichwa. Alipomuuliza basi ni nini, alitazama upande wa pili wa barabara. Fundi akaumia. Alikuwa anaogopa mambo mawili kwa pamoja, vyuma vibaki vimng'oe mtoto meno, na vyuma vitolewe mtoto aishi na chonge yake juu ya mwenzake. Hakujua aombe lipi.

Chumba cha daktari kilikuwa na kiti kirefu cha kulalia, taa kubwa yenye mkono, na beseni dogo la kutemea. Siku hiyo daktari alikuwa na vijana wawili wanaojifunza kazi, kila mmoja na barakoa yake. Kabla Kasuku hajakaa, fundi akatoa mfuko kwapani na kuweka juu ya meza vile vipande vya sabuni na maharage yake.

"Daktari, shikamoo na samahani. Lakini huyu mtoto hapandi hapo mpaka nijue hili."

Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akavua miwani. Haikuwa kejeli. Alicheka kama mtu aliyepewa zawadi. "Tatizo la jaribio lako, baba, ni kwamba sabuni haiko hai. Mfupa uko hai. Jino likisukumwa taratibu, mfupa wa mbele yake unajila, na nyuma yake unajijenga upya. Hatulivuti jino, tunaliomba, na mfupa unalipisha lipite."

"Mfupa unajijenga?" Macho yakamtoka pima. "Hata kwa mtu mzima kama mimi?"

"Hata wewe. Hebu panda hapo, nikuonyeshe wako."

Nani wa kukataa? Fundi akajitupa kitini bila kuvua kofia. Kiti kikalala, taa ikamshukia usoni. "Panua, baba. Panua zaidi." Wale vijana wakainama, mmoja huku, mmoja huku. Daktari akaanza kuwafundisha. Hapa paling'olewa zamani, ona jirani alivyoinamia pengo. Hapa ufizi umeshuka. Hapa hapasuguliwi vizuri.

"Hebu nione," kijana mmoja akasema. "Ah, kweli. Na hili la nyuma limeoza?"

"Linaelekea huko. Geuza shavu."

Wakamgeuza shavu. Mdomo ulianza kumuuma kwenye pembe. Mate yakajaa, akashindwa kuyameza, yakamtoka yakashuka kidevuni, na mikono yake haikujua kama inaruhusiwa kufuta. Hakuna aliyekuwa anamfanyia ubaya. Walikuwa wanashangaa tu, kama alivyoshangaa yeye, na walikuwa wanazungumza juu ya mdomo wake kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo. Alijisikia aibu ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni. Akazungusha macho kumtafuta mtu wa kumtazama, akakutana na Kasuku aliyesimama miguuni pa kiti.

"Mwacheni baba afunge mdomo," Kasuku akasema. Alisema kwa sauti, vyuma vyote nje. "Mmeshaona."

Vijana wakarudi nyuma. Daktari akaizima taa na kumwomba radhi. Fundi akashuka kitini, akafuta kidevu kwa kiganja. Huyu mtoto alikuwa amesimama kibandani siku zote hizo, mdomo wazi, na baba yake ndiye aliyekuwa ameshika bisibisi.

"Mwanangu," akasema hatimaye. "Pale kibandani. Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndiyo."

"Nisamehe. Sikujua."

Kasuku akapanda kitini mahali pa baba yake. Daktari akavuta kigoda. "Haya, binti. Mama yako alinipigia simu asubuhi. Tunatoa au tunakaza? Useme wewe."

Fundi alikuwa na maneno tele mdomoni. Mfupa uko hai, mwanangu! Unalipisha jino! Badala yake akaokota sabuni yake, maharage yake, na kofia iliyokuwa imeanguka.

"Kaeni muongee," akasema. "Mimi nitakuwa nje."

Naye alikuwa anaisubiri siku hii kuliko mtu yeyote, mjue hivyo. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, akakaa kwenye benchi la korido na kutazama ukuta. Ndani zilisikika sauti za chini, kisha mlio mdogo wa chuma kugusana na chuma. Unaweza kuwa ni wa kutoa, unaweza kuwa ni wa kukaza. Kwa mlio peke yake hakuweza kujua. Angeweza kugonga akauliza. Akajikalia.

Mlango ukafunguka kidogo. Kijana mwenye barakoa akachungulia, na kabla hajasema neno, sauti ya Kasuku ikampita kutoka ndani.

"Baba! Nimewaambia wakaze. Njoo uone."

Fundi akasimama, lakini hakuingia. "Una hakika?"

"Njoo wewe," akasema Kasuku. "Wewe tu."