Wigi Kwenye Msumari

Nywele zilianza kunitoka nikijifunga kitambaa cha kwenda kanisani. Niliinua mkono, nikaushusha, na fungu zima likaja nao. Daktari alikuwa ameniambia dawa ya saratani itafanya hivyo, lakini kuambiwa ni kuambiwa. Nilisimama katikati ya nyumba yetu ya Mumbuni nimeshika nywele zangu mwenyewe, nikapiga kelele mpaka mume wangu akatoka bafuni na sabuni masikioni.

Kesho yake nikaenda kwa kinyozi, akamaliza kazi. Kisha nikanunua wigi, nikalichana vizuri, kwa sababu ya mtu mmoja tu: mama yangu, kule Kangundo. Hakujua naumwa. Najua, najua, mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini nyinyi hamkumwona mama akimzika dada yake kwa ugonjwa huuhuu, wala hamjui presha yake ikipanda inavyomlaza. Nilikuwa nimeapa apate habari nikishapona.

Basi Jumamosi moja nikaenda kumwona. Mlango wa jiko lake ni mfupi, na juu yake kuna msumari wa kutundikia taa, umetokeza pale tangu tukiwa watoto. Niliinama kuingia na ndoo ya maji. Mimi nikapita. Wigi likabaki.

Mama aliangalia kichwa changu. Kwa wazee wa kwetu, mwanamke aliyeolewa akitokea ghafla amenyoa kipara, kuna jambo moja tu: amefiwa na mume.

"Uuuwi! Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Mwaitu, ngoja, mama..."

Angoje nini! Alishatoka uani, mikono kichwani, akimlilia mkwe wake kwa jina. Majirani wakaruka ua. Mmoja tayari alikuwa na majani ya chai na sukari ya matanga, utadhani alikuwa amejiandaa. Kila nikifungua mdomo nieleze, wanawake wananikumbatia wakinipa pole ya ujane.

Sikuona njia nyingine. Nilimpigia mume wangu akiwa kazini Athi River, nikaweka spika.

"Haloo?" akasema marehemu.

Jirani mwenye sukari akaketi chini. Mama alininyang'anya simu, akaishika kwa mikono miwili. Kwetu mama na mkwe wake huheshimiana kwa mbali, hata mkono hawapeani, lakini siku hiyo alimwuliza na kumwuliza tena kama ni yeye kweli. Akaanza kucheka na kulia pamoja. Halafu kicheko kikakatika, akanigeukia.

"Kama yeye yuko, hiki kichwa ni cha nini?"

Nikamwambia. Nilisema neno moja tu, saratani, mbele ya watu wote. Nikangoja aanguke.

Hakuanguka. Akasema polepole, simu bado iko hewani mkononi mwake:

"Basi heri ingekuwa yeye."

Kusema hivyo, na mkwe anasikia! Mama yangu, ambaye mkwe akija hujifunga leso ya pili na kuongea akiangalia pembeni. Majirani waliangalia chini. Nikanyoosha mkono nizime simu, nikachelewa.

"Hata mimi, mama," mume wangu akasema. "Kila siku naomba hivyo."