Usiniambie Matokeo

Watu wa rika langu hapa mjini kwetu Baraka, kando ya ziwa, watakuambia kwamba wakati wa vita tulikosa chumvi, tukakosa sabuni, tukakosa dawa. Ni kweli, sibishi. Lakini mimi nilikuwa na taabu nyingine juu ya hizo, na nikiitaja watu hucheka: nilikuwa na timu. Timu ya basketi, ya kule Amerika, wachezaji wanaolipwa kwa kurusha mpira, watu ambao hata kwenye ramani wasingeweza kuonyesha ziwa letu liko wapi. Walivaa buluu, na sisi tukawaita Wabuluu. Kazi yao kubwa ilikuwa kushindwa. Na mimi, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nililala bila kula kwa sababu yao. Cheka tu, nimezoea.

Ugonjwa huo niliambukizwa na yaya. Yaya ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na mimi nilikuwa na huyo kaka mmoja tu. Baba na mama walikuwa wamekwisha kufa, tulibaki wawili katika nyumba moja, tukigombana juu ya kila kitu. Yaya alikuwa mfupi, tena mfupi kweli, lakini alichezea timu ya parokia. Tereni yenyewe, yaani uwanja, ilikuwa saruji iliyopasuka, ringi zimepinda, nyavu hakuna. Kabla ya kutupa mpira alikuwa na tabia yake: anainua mguu, anapangusa wayo kwa kiganja, halafu anatupa. Aliiga kwa mchezaji mmoja wa Wabuluu, mfupi kama yeye, ambaye hupangusa soli ya kiatu namna hiyo. Nikamwambia yule ana kiatu cha kupangusa, na weye uko miguu mitupu, unapangusa nini? Akanijibu, "Kiatu si kitu. Mukono njo inatupaka." Yaani mkono ndio unaotupa.

Basi, tuliwaonaje Wabuluu? Kulikuwa na fundi cherehani mmoja mjini aliyekuwa na televisheni, mashine ya video na jenereta ndogo. Jumapili baada ya kanisa, jua likiwa bado juu, alisogeza cherehani ukutani, akapanga mabenchi, akaziba dirisha kwa blanketi. Baada ya saa za jioni hakuna aliyethubutu kuwasha taa, askari wangekuja kuuliza nani ana mafuta. Kaseti zililetwa na mfanyabiashara wa boti aliyevuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta chumvi na sabuni. Shemeji yake kule alikuwa na baa yenye dishi, akawa anamrekodia. Kwa hiyo msimu mzima wa Amerika ulitufikia kwa boti, katikati ya magunia, siku boti ilipopenda.

Maana yake ni kwamba kila mchezo tuliouona ulikuwa umekwisha kitambo. Walioshinda walikuwa wamekwisha kuoga, wamelala, wamesahau. Tulilijua hilo vizuri kwa kichwa. Kwa moyo, wapi! Bamama wa Kikatoliki walishika rozari chini ya vitenge, Waprotestanti wa benchi la mbele walifumba macho na kuomba kwa midomo, na mimi niliomba pamoja na wote, sikuchagua. Tulimwomba Mungu juu ya jambo ambalo Mungu alikuwa amekwisha kulifunga.

Halafu zikaja kaseti zimechanganyika. Tuliweka moja tukamwona mrefu wetu, yule mlinzi wa ringi, amekaa pembeni na goti limefungwa bandeji kubwa. Ameumia lini? Hakuna aliyejua. Jumapili iliyofuata fundi akaweka nyingine, ya nyuma, na huyo hapo mrefu wetu mzima kabisa, anakimbia, anacheka. Chumba kizima kikaelewa kwa pamoja. Kila alipokaribia ringi tulipiga kelele, "Usiruke! Weye, usiruke!" Mama mmoja aliziba macho. Akaruka. Alipoanguka tulimwangalia tu akibebwa. Mimi nililia machozi ya kweli, na nilikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka ishirini.

Nilitoka mle nimekasirika nusu ya kupasuka. Nikamshika mwenye kaseti, yule wa boti, pale pale mlangoni, nikamwambia, na watu wote wanasikia: kuanzia leo unazileta kwa mpango wake, na weye mwenyewe unafunga kinwa. Usituambie nani ameshinda, nani ameumia, nani amefukuzwa. Ukiwa na habari ya ng'ambo, uimeze. Watu wakapiga makofi. Ikawa sheria ya chumba, na mimi nikawa polisi wake. Mtu akitoka Kigoma, akianza tu kusema "mulisikia Wabuluu...", nilimkatiza kwa matusi hata kama ni mtu wa heshima zake. Yaya alicheka mpaka akashika tumbo. "Weye ungefaa kuwa askari wa bariere," alisema, wale wanaozuia watu njiani.

Yaya aliondoka katikati ya msimu. Kwenye ziwa wenye bunduki walikuwa wanachukua nyavu na injini, uvuvi ukafa, na nyumbani bukari, ugali wetu, ikawa ya mara moja kwa siku. Akasema anaenda Lulimba kuchimba dhahabu, kama vijana wengine wote. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa mji, pale njia inapopanda kuelekea Fizi. Kifurushi chake kilikuwa kidogo, nami nilikuwa nimenuna.

"Nitarudia mbele ya finale," aliniambia. "Unichungie fasi yangu pale kwa benchi."

"Na ukichelewa?"

"Nikichelewa, usinielezee kitu. Nitaona mwenyewe."

Akapangusa wayo kwa kiganja, makusudi, kunichokoza, akaenda.

Hazikupita wiki nyingi vita vikaingia upande wa Lulimba. Watu walianza kushuka kwa miguu, nyayo zimevimba, na mimi nilisimama njiani nikiuliza kila mmoja. Hakuna aliyenipa jibu la kushika. "Kila mutu alikimbia na njia yake," walisema. Wengine waliingia porini, wengine walielekea Kalemie, wengine walisikika wamevuka ziwa. Nilikwenda mpaka Fizi, nikarudishwa. Nikamwagiza mwenye kaseti: huko Kigoma, kwenye kambi za wakimbizi, nitafutie mtu mfupi, anaitwa hivi na hivi, anapenda basketi kuliko chakula. Akakubali. Alirudi safari ya kwanza bila kitu, na ya pili bila kitu.

Basi nikabaki na Wabuluu. Sitadanganya kwamba niliwafuata kwa furaha. Niliwafuata kwa sababu yaya alisema atarudi kabla ya finale, na mimi nikaona, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba wakiendelea kushinda na yeye ataendelea kuwa hai mahali fulani akirudi. Wakitolewa mapema, atarudia nini? Ni upumbavu, najua. Lakini keti mwezi mzima bila habari uone utashika nini. Kila Jumapili nilitandika kitenge changu kwenye fasi yake, pembeni ya nguzo. Siku moja kijana mmoja akanung'unika, "Mutu haiko hapa, na sisi tunasimama!" Nikamgeukia. "Iko! Anakawia tu. Weka matako yako hapo, utaona!" Hakukaa.

Na Wabuluu, wale wenye mkosi, bila mrefu wao, wakaanza kushinda! Walishinda kwa pointi moja, kwa pointi mbili, kwa kuburuzana. Yule mfupi alibeba timu nzima. Alipopangusa soli, chumba kizima, bamama kwa batoto, tulipangusa nyayo zetu. Wakafika finale dhidi ya Weupe. Bibi mmoja aliuliza mbona Weupe ni weusi watupu, tukamwambia ni rangi ya nguo, tukacheka. Ilikuwa mara ya mwisho nakumbuka kucheka mle. Michezo ya kwanza ya finale wakagawana ushindi sawasawa, ukabaki mchezo mmoja wa kukata maneno. Na hapo ziwa likafungwa. Wenye bunduki walikataza boti zote, na mwenye kaseti akanaswa ng'ambo. Mvua zote za masika zikanyesha, zikakauka, hakuna boti, hakuna kaseti, hakuna yaya.

Jumamosi moja nilikuwa ufukweni naanika ndagala, nikaona boti inaingia. Ni yeye. Amekonda, ameshika kaseti ndani ya mfuko wa plastiki. Aliniona, akaacha mizigo yake, akanijia moja kwa moja.

"Dada," alisema, "iko neno..."

"Funga kinwa!"

"Dada, uache niseme..."

"Kinwa! Utasema kisha mupira, ukiisha!"

Aliniangalia sana. Kisha akasema taratibu, "Bon. Kisha mupira." Akanipa kaseti, akageuka. Nami nikabaki na ndagala zangu, nimevunjika moyo, kwa sababu nilikuwa nimesoma uso wake. Nilisema: tumeshindwa. Huo ulikuwa uso wa mtu anayejua tumeshindwa. Nilimtukana usiku kucha moyoni kwa kushindwa kuficha sura yake. Kuhusu yaya sikumuuliza. Nilijiambia angekuwa amempata, angekuja anapiga kelele tangu majini.

Kesho yake chumba kilijaa mpaka watu wakakaa juu ya meza ya kukatia nguo. Nikatandika kitenge kwenye fasi ya yaya. Mwenye kaseti alisimama mlangoni, akaangalia chini muda wote. Hakutazama mchezo hata kidogo, na hilo nalo likanikasirisha.

Mchezo ulikuwa mateso. Tulitangulia, wakatufikia, wakatupita. Mwishoni kabisa tuko nyuma pointi moja, saa karibu kwisha, na yule mfupi akasukumwa chini. Mwamuzi akampa mitupo miwili, peke yake mbele ya ringi, hakuna wa kumzuia. Wa kwanza: akapangusa soli, tukapangusa wote, akatupa. Ndani! Tumelingana! Benchi letu likaanguka, watu wakaanguka nalo, wakasimama. Wa pili: akapangusa soli. Akainua mpira. Mimi nilishika kile kitenge cha fasi ya yaya kwa mikono miwili.

Kioo kikawa mchanga mtupu, shhh.

Fundi alipiga televisheni, akachomoa kaseti, akaigeuza kwenye mwanga. Mkanda ulikuwa umekwisha. Shemeji wa Kigoma alirekodi mpaka mkanda ulipokwisha, basi. Sijapata kusikia kelele kama zile. Na halafu wote kwa pamoja tukamgeukia yeye, mlangoni. "Sema! Weye unajua! Sema!" Mimi mwenye sheria ndiye nilipanda juu ya benchi. "Nakuruhusu!" nilimpigia kelele. "Leo nakuruhusu! Sema sasa!"

Akavua kofia. "Niseme, dada?"

"Sema basi!"

"Yaya yako alisha kufa."

Nje jenereta ikaendelea kunguruma. Fundi akatoka kuizima. Nilibaki juu ya benchi, sikujua kushuka. Bamama ndio walionishusha.

Alinieleza nje, chini ya ukingo wa paa, nami nimekalishwa chini. Yaya alifika Kigoma kutoka Kalemie, akawekwa kambini. Siku moja akatokea kwenye baa ya shemeji, mkimbizi aliyechanika, hakuomba chakula, aliuliza kama wanaonyesha basketi. Hapo ndipo mwenye kaseti alimtambua bila hata kuuliza jina. Akawa anatoka kambini kwa miguu, anawachotea maji ya baa, na wao wanamwacha aketi mbele ya televisheni. Finale aliiona yote, mpaka mwisho, amesimama. Kisha kuhara kukaingia kambini, na kwa siku chache tu kukammaliza. Mwenye kaseti alimfikia akiwa bado na sauti kidogo.

"Alisema nini?" niliuliza.

"Alisema nikupe salamu. Na akaniapisha nisikuambie matokeo. Alisema, dada aone mwenyewe."

Nikamuuliza, siku ile ya finale, mupira ulipoisha, yaya alicheka ao alilia?

Akazungusha kofia mikononi. "Dada, nikikujibu hivyo, nitakuwa nimekuambia matokeo."

Sikumlazimisha. Alikuwa ameapa mbele ya mtu anayekufa, na sheria ilikuwa yangu. Mwenye kaseti naye amekwisha kufa sasa. Mwanangu ana simu, na mara kwa mara ananiambia, "Mama, ni kitu ya dakika moja, nakutafutia." Namwambia aweke simu chini kabla sijaitupa ziwani. Kutoka baa ile mpaka kambini ni mwendo mrefu, na yaya aliurudi peke yake siku ile, miguu mitupu. Nikijua nani alishinda, nitajua aliurudi na moyo gani. Zipo siku najiambia mpira uliingia. Lakini nyingi zaidi ni siku ambazo nawakumbuka Wabuluu jinsi walivyokuwa, na walikuwa watu wa kushindwa.