Noti Zilizopigwa Pasi

Hilda Threlfall wa mji wa Nelson, Uingereza, alifanya kazi kwa dobi tangu usichana mpaka alipostaafu, na shuka aliyoinyoosha yeye haikuwa na kunyanzi. Mumewe Clifford, fundi wa mitambo ya kufuma, maradhi yake yalikuwa noti za kale. Alizishika kwa ncha za vidole, na alipozitandaza mezani, chai ilikuwa marufuku.

Clifford alipofariki, Hilda alisikia kwamba mthamini wa noti angefika kwenye ukumbi wa kanisa Jumamosi. Akatoa noti nne za shilingi kumi, zile za zambarau za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, namba zikifuatana. Moja ilikuwa na doa, na zote aliziona zina vumbi. Apeleke uchafu mbele za watu? Akazifua kwa sabuni, akazitia wanga kidogo, akazipiga pasi.

Bwana Pickup, mthamini, aliinua moja kwenye mwanga.

"Haikuandikwa mwaka, lakini rangi yake na huu uzi wa chuma vinasema: hizi ni za wakati wa vita." Watu wakasogea. Kisha akainusa, na uso ukamgeuka. "Hee! Nani kazipiga pasi? Karatasi imekufa, mama. Zingebaki kama zilivyotoka benki, ungeondoka hapa unacheka. Sasa mpe mjukuu achezee."

Ukumbi mzima ulitega masikio. Hilda alihisi shingo ikimwaka moto.

"Ni marehemu mume wangu," akasema.

Wakaangua kicheko. "Clifford naye!" akasema jirani yake, Nora Sugden. "Bingwa wa noti, kumbe dobi!"

Utani ukaenea. Klabuni, Hilda akiingia tu, kuna aliyeburuta ngumi mezani kama mpiga pasi. Akawa anakwenda dukani kwa njia za uchochoroni. Makaburini hakukanyaga, angemwambia nini Clifford?

Ijumaa moja, kwenye foleni ya samaki na chipsi, Nora akaanza tena. Hilda akamkatiza.

"Basi, Nora. Nilizifua mimi. Clifford wa watu hakuzigusa. Nilimsingizia maiti."

Nora akamshika mkono. "Tunajua, shoga. Clifford hata pasi inashikwa upande gani hakujua. Mji mzima unajua."

"Sasa mlikuwa mnacheka nini?"

"Tulidhani utasema siku ileile."

Ndipo Hilda alipoelewa kwamba zile ngumi mezani hazikuwa zikimcheka Clifford. Akapokea kifurushi chake, akatoka bila kutia chumvi wala siki.

Kesho yake alishika njia kuu mchana kweupe, akisalimia kila aliyekutana naye, ingawa aibu ilimjaa. Mwisho akafika kaburini kwa Clifford.

"Nilikupakazia, Cliff," akasema.

Kisha akapiga magoti akaanza kung'oa magugu, kwa kuwa kusimama tu pale hakuweza.