Gari Iliyongoja Langoni

Mdogo wangu aliniambia kwa simu kwamba ameagiza gari kutoka Japani, na mimi nikamwambia hongera. Neno lilitoka vizuri tu. Nikarudi kwenye kiti nilichokuwa nashona, na baada ya muda nikaona nimeigeuza ngozi, ndani imekuwa nje. Ikabidi nifumue yote.

Mimi ni fundi wa viti vya magari hapa Kitale. Miaka mingi nimekaa ndani ya magari ya watu, nayavisha viti, na jioni wenyewe wanakuja na ufunguo. Yeye ni karani katika duka la vipuri Bungoma. Shule niliachia darasa la nane, yeye akaendelea, na niwe mkweli, hakuna aliyenizuia. Nilichoka mwenyewe. Mambo yangu huwa naandika kwenye kaunta buku, na haya nayatoa humo, nisije nikajipendelea.

Kitu cha kwanza nilichomuuliza ni itachukua muda gani. Akasema mwezi na nusu, labda miwili. Moyoni nikasema miwili ni mingi, baharini lolote laweza kutokea. Sikutaka meli izame. Hapo nimejipima sana, maana meli ina watu. Nilitaka tu ichelewe.

Na ikachelewa kweli. Gari ilikaguliwa kule kwao, halafu ikakosa nafasi kwenye meli ya kwanza, ikangoja nyingine. Wiki karibu nne ziliisha na bado haijagusa maji. Alipopewa jina la meli alinitumia, maana alidhani nafurahi pamoja naye. Kuna mahali kwenye simu ukiandika jina la meli unaiona, mshale mdogo juu ya maji ya buluu. Nikawa naiangalia asubuhi kabla ya kunawa uso. Karibu na Singapuri ilisimama siku tatu. Kwenye kitabu niliandika: "Meli imesimama. Nimefurahi." Lile neno la mwisho nililikata kwa kalamu, kisha nikaliandika tena pembeni kwa sababu lilikuwa kweli.

Mke wangu aliniona.

"Hiyo meli unavyoiangalia, si ungepanda uisukume?"

"Namsaidia ndugu yangu kufuatilia."

"Ati kusaidia. Mtu wa kusaidia hacheki ikisimama, bana."

Ilifika Mombasa. Bandarini gari ikakaa siku tisa, mara karatasi hazijafika, mara wakala hashiki simu. Kisha dereva wa kukodi akaileta hadi Bungoma kwa siku mbili. Nikijumlisha tangu alipoagiza, ni wiki kumi na moja. Hizo zote si zangu, zilikuwa za meli na za maofisi. Siku tano zilizofuata ndizo zangu.

Kwetu Misikhu mdogo haruki mkubwa hivi hivi. Akioa kabla yake, anamletea jogoo, na mkubwa anasema kwa mdomo wake mbele ya watu, "Pita." Mdogo wangu aliniruka kuoa, akaleta jogoo, nikala. Akaniruka kujenga, akaleta jogoo, nikala. Gari haimo katika mila hiyo, babu zetu hawakuagiza kitu Japani. Ni mama aliyeiingiza. Alisema gari haitavuka lango lake, na yeye hataipanda, mpaka mkubwa aje aseme neno. Mdogo wangu angeweza kumcheka. Hakumcheka. Jumanne aliitoa Bungoma, akaiegesha nje ya lango la mama, akanipigia.

"Mkubwa, jogoo yuko. Tunakungoja wewe tu."

"Nina kazi ya viti vya basi la shule."

"Alhamisi mama ana kliniki Webuye, ile ya miguu. Nilitaka nimpeleke na gari."

"Nitajaribu."

Viti vya basi vilikuwepo, sikudanganya. Lakini vilikuwa viwili tu, na mwenye basi alisema hana haraka. Kitale mpaka Misikhu si safari ya kumshinda mtu. Jumatano nilishona polepole kama mtu anayejifunza. Naona aibu kuandika hili: tangu tuwe watu wazima ilikuwa mara ya kwanza yeye kuningoja mimi. Gari ilivuka bahari yote ikaja ikasimama mbele ya neno langu moja. Nikalishika hilo neno mdomoni kama peremende.

Alhamisi mama alienda kliniki kwa bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha. Alikaa upande, miguu yake iliyovimba ikining'inia, akapita karibu kabisa na gari mpya iliyojaa matone. Mdogo wangu akafuata kwa bodaboda ya pili, ufunguo mfukoni.

"Nilimsihi mpaka nikapiga magoti," aliniambia jioni kwa simu.

"Akasema nini?"

"Akasema kaka yako ana kazi."

Mdogo wangu hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, ningepata pa kushika.

Jumapili nikaenda. Pale ninaposhukia kuna mama muuza ndizi ambaye ananijua tangu niko mdogo. Aliponiona alipiga makofi.

"Kumbe umefika! Sisi tulidhani wewe ndiye uko kwenye meli!"

Watu walicheka, na mimi nikacheka, maana alikuwa na haki.

Gari ilikuwa nyeupe. Kabla ya kusalimia watu vizuri niliingia nikaanza kukagua viti. Nilipitisha kidole kwenye kila mshono nikitafuta kasoro. Nilipata tundu moja la sigara kiti cha nyuma, dogo kama punje ya wimbi. Nilitaka kubwa zaidi. Mishono ilikuwa imenyooka kuliko yangu, na hilo pia ni lazima niliandike.

Mdogo wangu akanipa jogoo kwa mikono miwili. Mama alikuwa amekaa ndani ya lango, miguu juu ya kigoda. Nikasema, "Pita."

"Umesema kwa moyo?" mama akauliza.

Ningesema ndiyo, mambo yaishe. Nikasema, "Bado, mama. Roho inaniuma. Lakini gari isilale nje kwa sababu ya roho yangu."

Mdogo wangu akaangalia chini. Sijui kama nilimwaibisha. Pengine nilikusudia kidogo.

"Mimi sikusema usiumwe," mama akasema. "Nilisema uje. Haya, ingizeni gari, miguu yangu imechoka kungoja wanaume wawili."

Mdogo wangu akaingiza. Mama akataka kukaa mbele, azungushwe hata mpaka barabarani na kurudi. Tulimwinua pamoja, halafu mimi nikachuchumaa nikamwekea miguu ndani, mmoja mmoja. Ilikuwa mizito. Nilipoachilia, alama za vidole vyangu zilibaki kwenye ngozi yake, mashimo manne, na zilikawia sana kujaa. Mama hakuziangalia, alikuwa anatazama mbele kupitia kioo. Mdogo wangu akamfunga mkanda. Ulifunga mara moja, kwa mlio safi, na hata huo mlio nikauonea wivu.