Mtu Aliyempa Mwanangu Sabuni

Mwanangu aliposhikwa alikuwa amebeba mkoba. Hilo sijawahi kulikana, hata mbele ya wanawake wa kanisani. Wenzake ndio walionyakua simu, katikati ya mji, mahali watu wanapomiminika asubuhi wakienda kazini. Lakini mkoba wa kutilia zile simu alikuwa nao yeye. Wenzake walitoroka. Yeye ana pumu, hakuwahi kuwa mtu wa mbio, na polisi walimkuta ameketi ukingoni mwa barabara, mdomo umepasuliwa na umati, mkoba ungali begani.

Alikuwa amesomea umeme katika chuo cha ufundi. Kazi hakupata. Baba yake, ambaye ni fundi wa bomba, alimchukua wafuatane, wakagombana, kijana akaacha. Sisi tunaishi Riruta, kwenye ploti ya kupanga, tangu tulipotoka magharibi tukiwa tumeoana karibuni. Mimi ni mpishi katika nyumba ya watu Spring Valley. Naondoka mapema, narudi giza likiingia. Nilichojua kuhusu mchana wa mwanangu ni kile tu alichotaka nijue.

Dhamana ilitushinda, akapelekwa rumande. Mara ya kwanza nilipomtembelea alikuwa amejaa upele na kifua kinampiga filimbi. Blanketi lake lilikuwa limechukuliwa. Alikuwa analala karibu na choo.

"Mathe, usikuje na kitu," aliniambia. "Wananyang'anya tu."

Niliporudi tena sikuamini macho yangu. Ngozi yake ilikuwa safi, amevaa kandambili mpya, ananukia sabuni. Nikamuuliza ni nani aliyempa vitu hivyo.

"Kuna buda mmoja humu ndani ananichunga. Saa hii hakuna mtu ananigusa. Hata dawa ya kifua alinitafutia."

"Ni mtu wa kwetu?"

"Zii. Ni mtu tu mzuri."

Jumapili hiyo nilisimama kanisani wakati wa ushuhuda, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu yule. Washirika walipiga makofi. Nikaendelea kumwombea nyumbani, kila nilipopiga magoti: afya yake, kesi yake, watoto wake kama anao. Nilimwombea kuliko nilivyowaombea ndugu zangu wa tumbo moja.

Kesi ilifutwa kwa sababu mlalamishi hakuwa akifika kortini. Mwanangu akarudi nyumbani ametulia mno. Alikuwa akiamka kabla yangu, anachota maji, anaosha vyombo bila kuambiwa. Alikuwa amepata kazi ya kuosha magari karibu na Adams Arcade, na waliomtafutia walikuwa marafiki wa yule mtu wa rumande. Sigara aliacha. Matusi aliacha. Majirani walinipongeza, nami nikapongezeka.

Kisha siku moja baba yake alirudi mchana kuchukua chombo alichosahau, akamkuta amesujudu juu ya leso yangu sebuleni, paji la uso sakafuni. Baba watoto ni shemasi. Alipiga kelele ploti nzima ikasikia. Mwanangu alimaliza sala yake kwanza, akakunja leso vizuri, ndipo akasimama kumsikiliza. Nadhani utulivu huo ndio uliomchoma baba yake zaidi. Jioni niliporudi, kijana hakuwepo, na nguo zake hazikuwepo.

"Katika nyumba hii tunamwabudu Mungu mmoja kwa njia moja," mume wangu alisema. "Anayetaka nyingine atafute nyumba."

Mimi dini haikuniumiza sana. Nilijiambia, heri anayesujudu kuliko anayebeba mkoba wa simu za watu. Nilikuwa nikishuka Adams Arcade nikitoka kazini, nikimletea chapati, tunakula tukiwa tumesimama kando ya magari yaliyojaa povu. Kilichoniogopesha ni mambo mengine. Aliacha kucheka. Aliacha kuuliza habari za dada zake. Akianza kusema, alisema "sisi" na "wao," na nilipouliza mimi ni wa upande gani, alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Halafu akagawa vyombo vyake vya umeme kwa kijana wa jirani, koleo, bisibisi, vyote. Tena akaniomba msamaha. Si kwa jambo fulani. Alisema tu, "Mathe, nisamehe kwa kila kitu."

Nilienda msikitini. Sikuwahi kufika lango la msikiti maishani mwangu. Kuna mmoja karibu na kwetu, upande wa Kawangware, nikasimama nje nimejifunga leso kichwani mpaka mzee mmoja akaniuliza ninamtafuta nani. Imamu alikuja akaniletea kiti. Alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye duka la vyuma vya mlango. Nilimweleza kila kitu, naye akaniuliza swali moja.

"Mama, kijana wako huswali wapi siku ya Ijumaa?"

Nikamwambia sijui, huswali kazini, huswali peke yake.

"Hapo ndipo penye shida. Mtu akisilimu, sisi humleta msikitini, tunafurahi, tunamfundisha, tunataka kumjua mama yake. Hawa wamemwambia asije kwetu. Wanajua akija tutamharibia safari yao."

"Safari gani, ustadh?"

Alisema wapo vijana wengine wa mtaani aliowazika bila miili, maana yake aliwasomea dua tu, kwa sababu walivuka mpaka kwenda vitani wakafa huko na hakuna aliyewarudisha. Mmoja alikuwa mtoto wa dada yake.

Alikubali kufuatana nami. Tulimkuta mwanangu na ndoo mkononi, tukakaa watatu kwenye kibanda cha chai. Imamu hakumhubiria. Alimuuliza kuhusu pumu yake, kuhusu umeme aliosomea. Kisha akauliza, "Huko unakokwenda wamekuahidi kazi gani?"

"Nani amesema naenda mahali?"

"Vyombo vyako umegawa."

Mwanangu aliniangalia, na katika macho yale niliona nimekuwa adui. "Ni kuendesha lori," alisema. "Mshahara mzuri. Watu wenye heshima. Wewe, ustadh, ni wa serikali. Buda aliniambia mtakuja." Akamwaga chai yake chini, akarudi kwenye magari.

Haikupita muda mrefu akanipigia simu asubuhi, nikiwa jikoni kwa watu, nakaanga mayai. Alisema anaenda Pwani, kuna kazi, nisiwe na wasiwasi. "Ukisikia kitu kunihusu, usiamini." Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu akiita abiria.

Nilizima moto nikaondoka bila kuaga. Nilimpigia imamu, akaniambia nianzie ofisi za mabasi ya Pwani kule chini mjini. Nilimpigia mume wangu pia. Tulikuwa hatujamtaja kijana wetu kwa wiki nyingi. Nilisema maneno machache, nikasikia kitu kizito kikianguka upande wake, kisha simu ikakatika.

Walikuwa kwenye benchi ndani ya ofisi ya mabasi, mwanangu, kijana mwenzake wa pale pa kuosha magari, na mwanamume mmoja. Nilitarajia mtu wa kutisha. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, amevaa sweta safi na miwani, ana uso wa mwalimu wa shule ya msingi. Aliponiona alisimama, akanipisha mahali pa kukaa.

"Mama," alisema, "nilipokuwa rumande mwanao aliniambia uliniombea kanisani. Hakuna mtu mwingine aliwahi kuniombea. Ahsante sana."

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yalipotea. Nilimwambia tu, "Nirudishie mtoto."

"Simshiki, mama. Ni mtu mzima. Muulize mwenyewe."

Nilimuuliza. Mwanangu aliangalia sakafu. Ndipo baba yake alipoingia. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye mtaro, matope mpaka magotini, spana kubwa ingali mkononi, na watu wote wakarudi nyuma wakidhani amekuja kupigana. Hata mimi nilidhani hivyo. Aliiweka spana chini, akamkaribia mwanawe, akasema kwa sauti iliyokuwa inakatika:

"Twende nyumbani. Utaswali unavyotaka. Nitakutengea mahali. Nilikosea, baba. Twende nyumbani."

Mwanangu alianza kukohoa, kisha kukohoa kukageuka kulia, kilio kikubwa cha mtoto mdogo, mbele ya makarani na abiria na mizigo yao. Baba yake alimshika kiunoni kama anayemtoa mtu majini. Tulipogeuka, mwanamume mwenye miwani alikuwa ametoka. Yule kijana mwingine alibaki kwenye benchi, tiketi mkononi. Nilimsihi naye aje. Alisema, "Mimi sina mtu wa kunifuata, mathe." Basi lilipoitwa, alipanda. Mama yake mdogo alinitafuta baadaye kuniuliza alikwenda wapi. Hajapatikana mpaka leo.

Mwanangu alikaa nasi, na kwa kipindi fulani nyumba ilikuwa nyumba. Ijumaa alikwenda msikitini kwa imamu. Jumapili alitusindikiza mpaka lango la kanisa, akatungoja nje akicheza na watoto wa watu. Jambo moja lilimsumbua: yule mwenzake wa benchi. Akawa anasema kuna wengine pia, aliowaona rumande, na kwamba lazima mtu aseme. Imamu alimjua afisa mmoja aliyekuwa akija kwenye mikutano ya vijana, mtu mpole, aliyesema hadharani kwamba anayerudi kwa hiari hataguswa. Wakaenda pamoja. Mwanangu aliandikisha taarifa, akaeleza yote, akatoa na namba za simu alizokuwa nazo. Alirudi amechangamka. Alikula ugali mara mbili.

Walimchukua mchana kweupe, karibu na Adams Arcade, akitoka kununua waya. Alikuwa ameanza tena kazi za umeme. Mwenye kibanda cha chai aliona gari lisilo na namba, wanaume wenye nguo za kawaida, mmoja akimwita kwa jina lake lote la kitambulisho. Mwanangu alipiga kelele mara moja tu. Waya ulibaki barabarani, na mwenye kibanda ndiye aliyetuletea.

Ni akina nani, sijui. Huenda ni wale aliowataja, huenda ni wale aliowaambia. Yule afisa mpole alisema hana habari, kisha akahamishwa, kisha simu yake ikawa haipatikani. Tumekwenda vituo vyote vya polisi ambavyo gari linafika. Kila mahali wanatuambia huyo mtu hayuko hapa, na wengine wanasema kwa upole, jambo ambalo ni gumu zaidi. Tumekwenda mochari mara nyingi kiasi kwamba mhudumu mmoja sasa hututikisia kichwa kutoka mbali ili tusihangaike kuingia. Imamu aliandamana nasi mwanzoni. Kisha watu wasiojulikana wakaanza kukaa ndani ya gari mbele ya duka lake, akafunga, akahamia kwa ndugu zake. Simlaumu.

Mume wangu ameacha ushemasi. Usiku au mchana, gari likipunguza mwendo karibu na ploti, anasimama.

Juzi chifu aliitisha baraza kuhusu vijana na makundi yanayowapeleka vitani. Kulikuwa na soda na fulana zenye maandishi, na waheshimiwa waliotuambia sisi akina mama ndio ulinzi wa kwanza, tukiona dalili tupige ripoti. Mtu alinisukuma nisimame, niseme yaliyonipata. Nilisema kwa kifupi. Nilipomaliza, mwanamke mmoja wa nyuma alisimama, mwenye mtoto mgongoni, simjui.

"Mama, mimi kijana wangu ameanza hivyo hivyo," alisema. "Amegawa viatu. Sasa nikiripoti, si watamchukua? Na nisiporipoti, si ataenda? Niambie wewe nifanye nini."

Chifu alinitazama. Waheshimiwa walinitazama. Nilimwambia, "Usimwache peke yake. Mfuate kila mahali anapoenda." Hilo tu ndilo nililokuwa nalo. Alingoja niendelee, na nilipoketi, yeye alibaki amesimama.