Vidudu vya Neema Vyenye Mkia wa Uma

Harufu ya majani yaliyooza kwenye baridi hunirudisha Lewisham, mtaa wa ugenini tulikohamia miaka ya tisini, kwenye asubuhi ambayo nilipaswa kusema hapana nikasema ndiyo. Utoto ninaousimulia si wangu, ni wa binti yangu Neema, wakati huo bado wa shule ya msingi. Alifuga vidudu vidogo kuliko punje ya ufuta katika kopo la majani yaliyolowa, na kila kipya alinionyesha mimi kwanza. Mama Furaha, jirani aliyeongoza maombi ya nyumbani kwetu, alichungulia, kimoja kikaruka. “Baba Neema, viroboto hivi! Humu hatusali tena.” Kwetu sisi tuliotoka Kongo tukapitia kambi ya wakimbizi, chochote kinachoruka ni kiroboto, hakuna mjadala. Alitaka niviue, nikakubali. Nilimwaga maji ya moto koponi, Neema akitazama.

Kanisani watoto walimkimbia wakimwita Mama Viroboto. Hakulia. Wiki nzima, nyasi za uwanja wetu zikiwa zimeganda, alifukua chini ya mti ambako udongo ulikuwa bado laini, akakung’uta majani juu ya sahani nyeupe na kuokota vidudu kwa ncha ya brashi iliyolowa. Mwalimu wake alimwazima lenzi. Hata hivyo maombi yalikuwa yamehamia kwa Mama Furaha, na huko Neema aliingia na sahani yake.

“Mama Furaha, angalia tumboni,” alisema kwa Kiswahili, yeye aliyezoea kutujibu kwa Kiingereza. “Kiroboto anaruka kwa miguu. Hiki kina mkia kama uma, kinaukunja chini ya tumbo. Kikiuachia, kimeruka! Na hakiumi mtu, kinakula vilivyooza.”

Mama Furaha akafumba jicho moja, akainama juu ya lenzi.

“Eh, Yesu wangu! Kweli kina uma! Sasa kijiko chake kiko wapi?”

Chumba kizima kikaangua kicheko. Watoto wale wale wakagombania lenzi, Neema akawapanga foleni. “Wewe uliyeniita Mama Viroboto, utaangalia wa mwisho.” Maombi yakarudi kwetu. Nilijivuna kana kwamba nimeshinda mimi.

Leo Neema ni mtaalamu wa wadudu wa udongoni, na watu wa mbali humwuliza majina ya vidudu walivyoviona. Kwangu hupiga simu kila Jumapili, akauliza habari za dawa na za magoti. Lakini tangu asubuhi ile ya maji ya moto, chochote anachokipata huwaonyesha wengine. Mimi hajanionyesha tena.