Kadi za Viti Zilizonikosesha Mke

Jamani, mkasa huu hadi leo nikiukumbuka uso huniwaka moto, lakini mshanibana, basi nisikilizeni. Miaka ile ya themanini nilikuwa karani wa kompyuta kwenye hoteli moja ya Malindi (kompyuta yenyewe moja tu, watu wakija kuichungulia kama bibi harusi), na siku wazee wa kina Zuhura walipokuja kutoka Mambrui kujibu posa yangu nikaomba ukumbi wa hoteli, nikaona kadi za viti, zile zenye jina la kila mgeni, nisiziandike kwa mkono, mashine izichape, wakwe waone binti yao kapata mume msomi.

Nikatunga programu fupi ya kusoma majina, kila mstari jina moja. Kumbe mashine haikujali mistari, ilikata kila penye nafasi, neno moja kadi moja, na mhudumu akazipanga vivyo hivyo mezani. Mzee Abdalla bin Nassor, babake Zuhura, akaonyeshwa kiti chenye neno moja tu: "bin".

"Bin nani?" akauliza taratibu. "Mwanangu, mimi sina baba?"

Nikamwomba radhi, nikakimbilia ofisini, nikaiamuru mashine ikate mwishoni mwa mstari tu. Sasa, alama ya mwisho wa mstari ni mkwaju, kile kijistari kilicholala kinyumenyume, na herufi n, nami kwa kile kiherehere sikuifunga ndani ya alama za kunukuu, basi mashine ikautupa mkwaju, ikabaki na n, ikawa kila ikikutana na n ndogo inaimeza na kukata hapo hapo. Nilizisoma kadi mpya? Wapi! Nilirudi mbio jasho linanitiririka, nikampa Mzee kadi ya kwanza kwa mikono miwili, mbele ya nduguze wote.

Imeandikwa: "Abdalla bi".

"Niwie radhi, baba, ni mashine..."

"Kwanza umeninyima baba," akasema, wala sauti haikupanda (heri angenitukana), "sasa wanivisha buibui."

Akainuka, wakainuka wote, biriani haijaguswa. Mamangu akatoka upande wa wanawake, akaviangalia vile viti vitupu, akaniuliza, "Mwanangu, mkono wako ulikuwa na nini?"

Zuhura aliozwa mwenye duka wa huko huko kwao. Tangu hapo jina la mtu halinitoki mkononi kabla sijalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na Mambrui sijakanyaga tena.